Penseli Nyekundu ya Cartagena

Mei 1948, kijana wa miaka 21 aliyeyakimbia machafuko ya Bogotá aliingia ofisi za gazeti la El Universal, mjini Cartagena, Kolombia, akakabidhi makala yake ya kwanza. Mhariri Clemente Manuel Zabala aliisoma penseli nyekundu mkononi: hapa anafuta, pale anaandika katikati ya mistari. Kijana huyo, Gabriel García Márquez, hakununa wala hakukata tamaa. Aliichunguza kila alama, na kadiri siku zilivyosonga wekundu ukapungua.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu hakina mhadhara ndani yake. Ni kama seremala na mwanagenzi wake: anaipiga randa mbao yako mbele ya macho yako, na wewe unaona ulipokosea.

Mwaka 1955, García Márquez, akiwa mwandishi wa gazeti la El Espectador, alikaa na baharia Luis Alejandro Velasco, aliyeelea siku 10 juu ya chelezo karibu bila chakula. Vikao 20, kila kimoja saa 6. Aliuliza, akarudia, akamtegea maswali aone kama maelezo yatagongana. Alipomwomba aisimulie dhoruba iliyodaiwa kuwatosa baharini, baharia akasema dhoruba haikuwapo. Manowari yao ilikuwa imesheheni mizigo ya magendo sitahani, majokofu na televisheni. Shehena ikakatika kamba, mabaharia 8 wakatupwa majini, akapona yeye peke yake. Serikali ya kijeshi ilikasirika. Lakini jambo kama hilo utalipataje kwa mahojiano ya nusu saa?

Mwaka 1994 alianzisha huko huko Cartagena taasisi ya kuwanoa waandishi vijana wa Amerika ya Kilatini. Warsha ya kwanza aliiongoza Alma Guillermoprieto wa Mexico. Baadaye akafundisha pia Ryszard Kapuściński, Mpolandi aliyewahi kuripoti kutoka Dar es Salaam. Hakuna mtihani. Ni mwalimu mmoja na kikundi kidogo cha vijana wa nchi mbalimbali, kila mtu na andiko lake mezani.

Mchanganyiko huo ndio ninaouhusudu zaidi. Mwandishi akiandika kwa ajili ya watu wa kwao, hupita juu ya mengi akidhani yanajulikana. Mgeni aliye kando yake ndiye huuliza: huyu ni nani, na mtaa huu uko wapi? Mwenye andiko hana budi kulifungua tena daftari lake, na asipolikuta jibu humo, kumrudia yule aliyemhoji.