Mia ya Fedha na Makosa ya Tabora

Asubuhi moja pale Mbamba Bay, usipa ukiwa umeshaanikwa na wachuuzi wakigombania kivuli, kijana wa bodaboda alinifuata amefumbata kitu mkononi.

"Shikamoo mzee. Nasikia unanunua hela zilizokosewa kiwandani. Ninayo mia ya fedha. Nipe elfu kumi tu."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nivae miwani."

Mia yetu kila mtu anaijua: ya njano, upande mmoja Mwalimu Nyerere, upande wa pili swala wanatimka. Hii ilikuwa nyeupe kama kijiko. Jambo hilo linawezekana, kwa hiyo sikumcheka. Mia si shaba tupu. Ni chuma kilichovikwa ngozi nyembamba ya shaba njano, ndiyo maana sumaku huidaka. Kibati kikiruka hatua ya kuvikwa, kikaingia kwenye mashine kikiwa uchi, sarafu hutoka ya kijivu, na hiyo ni sarafu ya kutafutwa.

Nikaipeleka juani. Sarafu iliyokosa ngozi tangu kiwandani huwa na herufi zenye makali, kwa sababu muhuri uligonga chuma chenyewe, na rangi yake ni moja kuanzia ukingoni hadi katikati. Ya kijana herufi zake zilikuwa zimelegea kama sabuni iliyosahaulika majini. Uso ulijaa vishimo kama ganda la chungwa. Na katikati ya miguu ya swala, mahali ambapo kitambaa hakifiki, njano ilikuwa bado imejificha. Tindikali ya betri hiyo. Nilipomuuliza kama ana ndugu fundi wa magari kule Mbinga mjini, alicheka akatazama chini. Nikampa mia kwa mia, maana niliitaka ya kufundishia.

Tangu siku hiyo kila anayeniletea sarafu namwuliza swali moja: mashine ingefanyaje hivi? Asiyeweza kunisimulia hatua kwa hatua jinsi kasoro ilivyoingia, ameniletea jeraha, si kosa. Sarafu iliyokanyagwa na fuso kwenye lami ya Mbamba Bay imejeruhiwa. Iliyotobolewa kwa msumari ikavaliwa shingoni imejeruhiwa pia, hata kama imependeza.

Ili usimulie, lazima ujue kazi inavyokwenda. Bati refu hukatwa vibati vya duara. Kibati huwekwa juu ya muhuri wa chini, kikiwa kimezungukwa na pete ya chuma inayokizuia kisitanuke. Muhuri wa juu hushuka kwa nguvu, na pande zote mbili huchorwa kwa pigo hilo moja. Basi. Kila kosa la kweli limezaliwa katika mojawapo ya hatua hizo.

Anza na mstari. Ukiona mstari kwenye sarafu, usiulize kwanza ni mrefu kiasi gani, upitishie ukucha. Muhuri ukipasuka, metali hujaa kwenye ufa, kwa hiyo kwenye sarafu ufa huonekana kama uzi ulioinuka. Mstari uliozama ni mkwaruzo, na mikwaruzo hainunuliwi. Ukucha huu umeniokolea fedha nyingi kuliko lenzi yangu.

Sarafu iliyomegwa pembeni kama biskuti iliyong'atwa nayo ina siri yake. Bati lisiposogea vya kutosha, kikato kipya huangukia kwenye tundu la kikato kilichopita, na kibati hutoka na pengo. Wengi hutazama pengo lenyewe. Wewe tazama upande wa pili, mkabala nalo. Ukingo wa kibati hupandishwa kwa kubanwa kutoka pande zote. Penye pengo hakuna cha kubana, kwa hiyo upande unaokabiliana nalo ukingo huwa dhaifu, umefifia. Halafu tazama herufi zilizo jirani na pengo: kwa kosa la kweli hunyong'onyea kuelekea pengoni, kwani metali ilikimbilia penye nafasi. Aliyekata kwa mkasi wa bati hawezi kuiga hayo mawili. Herufi zake hukatika ghafla, na ng'ambo ya pengo ukingo umesimama imara.

Picha iliyozama ndani, tena kwa kinyume, husababishwa na sarafu iliyong'ang'ania muhuri ikagonga kibati kilichofuata. Hizi huigwa kwa kubana sarafu mbili kwenye jiliwa la fundi. Utaijua iliyobanwa: mchoro wake wa asili bado upo chini, umepondwa, na picha ya jirani imeukanyaga. Ya kweli upande huo haukuwahi kuwa na mchoro mwingine wowote.

Iliyochapwa kando, nusu picha nusu bati tupu, ndiyo inayopendwa na wageni. Mimi hudai mwaka uonekane. Bila mwaka ni kituko tu.

Kuna nyingine zisizo na makelele ambazo mimi nazipenda zaidi. Shika sarafu yetu juu na chini kwa vidole viwili, kichwa kikiwa wima, uigeuze kama ukurasa wa kitabu. Upande wa pili nao usimame wima. Ukiukuta umelala ubavu, muhuri ulizunguka mahali pake. Muuza duka aweza kuipokea mara elfu asiione.

Wazee wa Mbinga waliouza kahawa enzi za Mwingereza bado wana senti za tundu masandukuni. Tundu la senti kumi lilitobolewa kwenye kibati kabla ya kugongwa. Likienda kombo, pembe za ndovu zilizolizunguka huliwa upande mmoja, lakini mdomo wa tundu hubaki laini. Tundu la keekee huacha makombo makali yanayokwaruza kidole. Ukiletewa isiyo na tundu kabisa, igeuze geuze juani utafute kiraka cha risasi katikati.

Lakini shule kubwa ya makosa haikuwa London wala Birmingham. Ilikuwa Tabora, 1916.

Huku ziwani Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza mapema: Agosti 13, 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu Sphinxhafen, mahali tunapopaita Liuli leo. Bahari nayo ikafungwa, fedha kutoka Ujerumani zisifike. Wajerumani wakageuza karakana ya reli Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Wakatoa heller 5 za shaba njano, heller 20 za shaba njano na shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye tembo mbele ya mlima. Kabla ya vita heller za koloni lao zilikuwa na alama A ya Berlin au J ya Hamburg. Hizi zina T. Septemba 19, 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na kazi ikawa imekwisha.

Heller 20 ya Tabora karibu kila moja ina kasoro. Muhuri umepasuka, picha imeegemea, kibati kinene hapa chembamba pale. Sasa mkusanyaji mgeni huidaka ya kwanza akidhani amepata ajabu. La hasha. Penye makosa kila mahali, kosa si adimu, na ufa wa muhuri unaoshangaza kwenye mia ya leo hapo hauongezi hata shilingi. Kinachotenganisha ni mihuri yenyewe. Taji ni kubwa au dogo? Kwenye neno HELLER, ncha za herufi L zimechongoka zote, zimepinda zote, au imepinda ya pili peke yake? Baadhi ya michanganyiko hiyo ni migumu kupatikana. Hata rupia 15 zina namna mbili: kwenye OSTAFRIKA, pambo la kulia huishia chini ya T, au chini ya A ya kwanza. Zote pamoja zilikuwa 16,198, na za bandia sijui nani atazihesabu. Ukiambiwa imechimbwa pamoja na "mali ya Mjerumani", funga mkoba.

Kuhusu bei, msisikilize video za simu. Mwaka 2008 Uingereza ilihamisha tarehe ya peni 20 kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mihuri ya zamani ikachanganywa na mipya, zikatoka sarafu zisizo na mwaka. Magazeti yalitaja maelfu ya pauni. Inakadiriwa zilitoka kati ya 50,000 na 200,000, na kwa kawaida huuzwa makumi ya pauni tu. Kosa linalorudiwa mara laki moja ni toleo.

Jambo la mwisho linaniumiza, kwa sababu hufanywa kwa heshima. Bibi akiletewa mgeni wa kutazama sarafu za marehemu mume wake, kwanza huzisugua kwa majivu na limau ili asiaibike. Zinang'aa, na makali ya herufi yameondoka. Heller nyeusi yenye ukungu wa kijani ina thamani kuliko iliyong'arishwa. Ioshe kwa maji na sabuni, ikaushe, iweke kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko laini wa plastiki.

Basi ndugu zangu wa Liuli, Lituhi na Kigonsera: mwenye heller yenye T asiisugue, na asiniuzie kabla hajaniandikia ilikotoka, nani aliitunza, na kwenye kisanduku ilikaa pamoja na nini. Picha ya pande zote mbili, ncha za L zionekane.