Ulitaka Yasmin angoje mpaka lini?

Kitabu hiki kilivuka ziwa toka Kigoma ndani ya mfuko wa rafiki, nikakimaliza siku tatu, usiku, kwa mwanga wa toshi. Ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999. Yasmin anamkimbia mume mzee, Bwana Raza, kisha anampenda Denge, kijana anayepinga Waingereza kule Unguja. Inspekta Wright anamwinda Denge. Mlango ukigongwa kitabuni, moyo wangu nao unapiga.

Halafu ule mwisho! Denge anatoroka gerezani, anaondoka nchini, basi. Yasmin anaolewa na Bukheti. Nilifunga kitabu na hasira. Bukheti tulimwona Mombasa mwanzoni, akapotea kurasa nyingi, kisha anarudishwa sawa vile mtu aliyeitwa kulipa deni la mwingine. Hapo mwandishi alikosea: mapenzi yao hayakupewa nafasi ya kukua mbele yetu.

Nikamlalamikia dada yangu. Akaniuliza tu: “Ulitaka Yasmin angoje mpaka lini?” Nikanyamaza. Hapa Nundu tunawajua wanawake wenye walisubiri bwana aliyekimbia vita. Miaka ikapita, hata salamu hakuna. Kumbe mi nilitaka Yasmin ateseke ili hadithi yangu ibaki tamu.

Kwa hiyo nasema: mwandishi alikosea njia, mwisho hakuukosea. Wenye mlikisoma, ninyi mulikasirika juu ya Denge ao juu ya Bukheti?