Mkono Unaosikiliza Damu

Kasi ya damu hukadiriwa kwa mwangwi. Kipima kinachoshikwa mkononi hutuma mawimbi ya sauti kali kupita uwezo wa sikio. Mawimbi hayo hugonga chembe nyekundu na kurudi. Chembe zinazokuja huyarudisha yamebanana, zinazokwenda zake huyarudisha yameachana. Christian Doppler aliieleza kanuni hiyo mwaka 1842 mjini Prague, akiwaza rangi za nyota. Damu ilisubiri zaidi ya karne.

Tofauti kati ya sauti iliyotumwa na iliyorudi ndiyo hutoa kasi. Kwa mawimbi ya megahezi 2, damu inayokwenda mita 1 kwa sekunde huleta tofauti ya mitetemo 2,600 hivi kwa sekunde, na kwa bahati njema sauti hiyo binadamu huisikia. Ndiyo maana chumba cha kipimo huvuma, fiu, fiu, kwa kufuata mapigo ya moyo. Fundi mzoefu hujua kwa sikio kwamba ameukaribia mshipa kabla mchoro haujatulia kwenye skrini.

Ugumu uko kwenye pembe. Mwangwi huonyesha ile sehemu tu ya mwendo inayoelekea kwenye kipima. Damu ikikatiza kwa nyuzi 60, nusu ya kasi yake haionekani, na kukosea nyuzi 5 hapo huharibu jibu kwa takribani asilimia 15. Ikija moja kwa moja, kosa hilohilo halifiki asilimia 1.

Watoto wenye ugonjwa wa selimundu hunufaika sana na ustadi huu. Mwaka 1982 Rune Aaslid na wenzake walionyesha kwamba mawimbi hupenya mfupa mwembamba wa panja, na ateri ya kati ya ubongo hulala karibu sambamba na njia ya mawimbi hayo. Selimundu ikiisinyaza ateri hiyo, damu hukimbia kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole. Fundi huitafuta milimita kwa milimita, akigeuza kifundo cha mkono kidogo sana, hadi apate kasi ya juu kabisa. Hapo hapana pupa: pembe mbaya hupunguza kasi, haiongezi kamwe, hivyo mkono mzembe humpa mzazi habari njema ya uongo. Mtoto naye awe macho na ametulia, kwani kilio, usingizi na homa vyote hubadilisha mwendo wa damu.

Kasi ya wastani ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi huashiria hatari kubwa ya kiharusi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuwaongezea damu watoto wenye kasi hiyo mara kwa mara hupunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Nchini Tanzania, ambako selimundu imeenea na damu ya kuongezewa kila mwezi ni adimu, tegemeo ni dawa ya haidroksiyurea. Mtoto ambaye kasi yake iko chini ya sentimita 170 kwa sekunde hupimwa tena baada ya mwaka.