Mnong'ono Uliofutwa: Uhakiki wa Santuri Iliyohamishiwa Kwenye Kompyuta

Watu wengi wanaohamisha santuri kwenye kompyuta nyumbani huipima kazi yao kwa swali moja: je, mikwaruzo imetoweka? Katika makala haya ninadai kwamba kipimo hicho hakitoshi. Kwa baadhi ya muziki wa Burundi, kinaweza kufuta kile kile tunachotaka kukihifadhi.

Mfano wangu ni santuri ya Musique du Burundi, iliyotolewa Ufaransa na Ocora mwaka 1968. Wengi huikumbuka kwa ngoma zake, lakini ndani yake kuna pia inanga inayoimbwa kwa kunong'ona. Hapa Kigobe, baba yangu mdogo aliihamisha akapata mafaili mawili: moja ghafi, jingine lililosafishwa kwa programu ya Audacity. Nimeyasikiliza yote mawili.

Katika usafishaji huo, mtu huchagua kipande chenye mvumo mtupu, kwa mfano kabla wimbo haujaanza. Programu hujifunza mvumo huo, kisha hupunguza kila kinachofanana nao. Tatizo ni kwamba mnong'ono nao ni pumzi tu. Kwa kompyuta, pumzi ya mwimbaji na mvumo wa sindano ni karibu kitu kimoja.

Tukumbuke kuwa Kirundi ni lugha ya toni, na mnong'ono hauna toni. Nyuzi za inanga ndizo huibeba, na sikio la msikilizaji huunganisha nyuzi na pumzi likasikia maneno yanayoimbwa. Katika faili lililosafishwa nyuzi zimebaki wazi, lakini mwimbaji anasikika kama yuko chini ya maji. Uzi umebaki, neno limekwenda.

Sisemi kwamba usafishaji wote ni mbaya. Kwenye ngoma ulifaa, kwa kuwa kishindo cha ngoma hakifanani na mvumo. Hata hivyo, santuri hii imewahi kubadilishwa ili ipendeze: mwaka 1971 ngoma zake ziliongezewa vyombo vya roki zikauzwa kwa jina la Burundi Black. Aliyefanya vile alijua anabadilisha. Anayesafisha nyumbani hudhani anahifadhi.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu rahisi. Santuri ioshwe kwanza, sindano iwe nzima, na faili ghafi lihifadhiwe kwa WAV au FLAC bila kuguswa. Nakala iliyosafishwa iwe ya pili, na jina lake liseme hivyo. Maelezo ya jalada yapigwe picha na kuwekwa pamoja na sauti.

Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, wimbo ni matini. Mikwaruzo tunaweza kuizoea. Neno lililofutwa hatuwezi kulihakiki.