Mfungwa Akirudi Nyumbani: Pengo katika Usomaji wa Fasihi ya Gereza

Uhakiki wa fasihi ya gereza katika shule zetu za upili umezoea kusimama langoni. Mwanafunzi hufundishwa kwa nini mhusika alifungwa, nani alimwonea na ukuta unaashiria nini. Kisha kengele inalia. Makala haya yanadai kwamba swali zito zaidi, hasa kwa msomaji wa Kisii na Nyamira, huanza lango linapofunguliwa: anarudi kwa nani?

Tuchukue Sauti ya Dhiki (1973). Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi? wa 1968, akatoka 1972. Tungo zake husifiwa kwa msimamo, na ni haki. Lakini ni nadra kusikia darasani kwamba baada ya kutoka alihamia Dar es Salaam. Mwaka 1974 diwani ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mshairi. Kitabu kilikaribishwa nyumbani, mwenyewe yuko ugenini. Kinaya hiki kinastahili kipindi kizima kuliko orodha nyingine ya tamathali za usemi.

Nyamira ina mfano wa kinyume. George Anyona, aliyechaguliwa mbunge wa Kitutu Mashariki 1974, aliwekwa kizuizini 1977 na tena 1982, kisha 1991 akahukumiwa miaka saba kwa uchochezi. Mwaka 1992 watu wa Kitutu Masaba walimrudisha bungeni kwa chama kidogo cha Kenya Social Congress, wakamchagua tena 1997. Jamii haikumsamehe tu. Iliikataa hukumu yenyewe.

Hata hivyo mfano huu ni mwepesi mno, na wepesi uo huo umo katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Yusufu, ami yake Amani, amefungwa kwa mauaji ya babake ambayo hakuyatenda. Msomaji hana kazi ya kumpokea. Mwandishi amekwisha kumtakasa. Na yule aliyetenda kweli? Aliyemkata jirani kwa panga katika ugomvi wa mpaka, akatumikia kifungo hadi mwisho? Huyu ndiye arudiye Bomachoge na Ekerenyo. Mashamba ya Gusii yamegawanywa hata yakawa vipande vidogo. Miaka kumi ikipita, ndugu wamelima kipande chake, esaiga yake ya ujana imebomoka, na aliyeumizwa anaishi ng'ambo ya ua. Afisa wa probesheni huwauliza wazee na familia ya mwathiriwa iwapo watamkubali, na maswali hayo yalipata uzito tangu kesi ya Muruatetu ya 2017, Mahakama ya Juu ilipoondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji na vifungo vingi vikapitiwa upya. Kikao cha namna hiyo kina mgogoro na taharuki kuliko tamthilia kadhaa tulizotahini.

Mwalimu atahadhari. Asiulize darasani nani ana mfungwa kwao. Huenda yupo, ameinamisha kichwa kwenye dawati la nyuma. Awape wanafunzi wote kuandika mazungumzo ya ndugu wawili, jioni ambayo wa tatu anatarajiwa kutoka gereza la Kisii, na shamba lake limekwisha kupandwa chai.