"Muungano Legevu": Istilahi Inayopotosha
Mfasiri anayeandika kwamba sehemu za programu ya wavuti zina "muungano legevu" amefasiri maneno, hakufasiri dhana. Katika Kiswahili ulegevu ni kasoro: fundo likilegea hukazwa, na afisa akutanapo na istilahi hiyo katika zabuni huenda akaikataa programu iliyo bora. Mwaka 1972 David Parnas alieleza kwamba kila moduli yapasa kuficha uamuzi wake wa ndani, ili ibadilishwe pasipo kuzigusa nyingine. Hivyo sehemu ya malipo yaweza kuundwa upya, na ile ya usajili isitetereke. Kinachosifiwa hapa si ulegevu wa kiungo, bali uchache wa kutegemeana. Twapendekeza "utegemeano mdogo". Anayeitetea "legevu" na atuonyeshe mahali ambapo Kiswahili huusifu ulegevu.