Waliona Kitanda, Ngumi Hawakuiona

Hebu chukua, ndugu msomaji, hadithi yoyote ya mapenzi inayozunguka mikononi mwa vijana wenzetu, iwe imechapwa kwenye karatasi au inatumwa kipande kipande kwa simu. Ruka kurasa mpaka pale wapenzi wanapogombana. Nakuhakikishia utakuta kofi. Mvulana anamzaba msichana kibao, msichana analia, mvulana anamkumbatia, na aya inayofuata wako kitandani. Mwandishi anauita wivu. Eti asiyekupiga hakupendi! Nimesoma hadithi za namna hii nyingi mno, nyingine za rafiki zangu kabisa, na leo nataka niseme wazi: kofi lile ni picha ya X iliyovaa nguo.

Najua nitaambiwa nimetia chumvi. Picha za X, watasema, ni uchafu wa kuja, umeletwa na mikanda ya video na sasa na simu. Hadithi zetu zina adabu, wapenzi wakifika kitandani taa inazimwa. Sawa, inazimwa. Lakini inazimwa baada ya kofi, siyo kabla.

Macho yetu ya uhakiki yamezoea kutazama upande mmoja. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa ajili ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Hilo kila anayeshika kalamu analijua. Ila fungua kitabu chenyewe uone unakutana na nani: Zakaria, baba mlevi, anayempiga mkewe Regina, na anayempiga binti yake kwa sababu kaandikiwa barua na mvulana. Kipigo kile ndicho chanzo cha mengi. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, na siku anapotoka chini ya mkono wa baba hana neno la kumkatalia mwanamume yeyote, kwa kuwa nyumbani hakuwahi kusikia neno la mwanamke likisikilizwa. Waliokifungia kitabu waliona kitanda. Ngumi hawakuiona, au waliiona wakadhani ni malezi.

Kwetu Bwejuu nimeliona jambo hili hili bila kitabu. Bwejuu ya Mafia nasema, siyo ile ya Unguja ya mahoteli. Yetu ni kisiwa kidogo cha wavuvi, unavuka kwa chombo kutoka Kilindoni. Palikuwa na banda la video, jenereta inanguruma, watoto wakishalala inawekwa mikanda mingine. Sisi wanawake hatuingii. Lakini makuti huzuia macho, masikio hayazuii, na anayepita kwenda kisimani alisikia vizuri: vibao, sauti ya mwanamke, halafu kicheko cha wanaume walioko ndani. Wazee walikasirika, wakalalamika, banda likafungwa kwa muda. Siku chache tu baadaye usiku ilisikika sauti ya namna ile ile kutoka nyumba ya jirani, kibao na mwanamke, tofauti yake hakukuwa na kicheko. Hakwenda mtu. Mambo ya mume na mke, wakasema wazee wale wale, kesho wataamka wamepatana.

Siku hizi banda halina kazi. Picha zimo ndani ya kadi ya simu, zinapanda ngalawa, zinafika mpaka dago ambako vijana wanakaa majuma na majuma wakivua bila mtu mzima wa kuwaambia neno. Na humo ndani kuna nini? Mwaka 2010 Ana Bridges na wenzake wa Marekani walitoa uchambuzi wa vipande 304 vya filamu za ngono zilizokuwa zikiuzwa na kukodishwa sana. Karibu 88 kwa kila 100 vilikuwa na kupiga, kukaba au ukatili mwingine wa mwili, na aliyefanyiwa alikuwa mwanamke karibu kila mara. (Watafiti wengine, kwa vipande vingine na vipimo vingine, wamepata hesabu ndogo zaidi.) Mimi kilichonishtua ni hesabu nyingine ya humo humo: mara 95 kwa 100 aliyefanyiwa ukatili alionyesha raha, au hakuonyesha lolote. Anapigwa, anatabasamu. Basi kijana wa dago anachojifunza siyo ufundi wa kupiga, huo anao tangu kwa baba yake. Anajifunza kwamba kilio hakina maana. Na sisi tunaoandika tunamfundisha hicho hicho, kofi kisha kumbatio, huku tukijiona watu safi.

Wala sisemi picha ndizo zilizoizaa ngumi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa utafiti wake mwaka 2005, wanawake 41 kwa 100 Dar es Salaam, na 56 kwa 100 Mbeya, kati ya waliowahi kuwa na mume au mpenzi, walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa kimwili naye. Simu hizi za kutelezesha kidole hazikuwepo bado! Ngumi ni mwenyeji, simu ni mgeni aliyekuta kitanda kimetandikwa.

Sheria nayo ina jicho lile lile la upande mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, umri mmoja na Rosa Mistika, ilisema mtu hana haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Ilisema tu. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilikaza adhabu nyingi, lakini mume anayemlazimisha mkewe wanayeishi pamoja haikumwita mbakaji. Ilipofika 2015 na Sheria ya Makosa ya Mtandao, kusambaza picha za ngono kukawa kosa lenye faini ya mamilioni. Uchi tunaujua bei yake.

Kuna na kisa ambacho waandishi vijana tunapaswa kukikumbuka kuliko watu wengine, kwa sababu silaha yake ilikuwa maandishi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Mzee Punch, gazeti la ukutani lisilo na jina la mhariri, likichora na kuandika matusi ya ngono juu ya wanafunzi wa kike. Msichana aliyemkataa mtu aliweza kuamka akajikuta ukutani. Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa chuo hicho, alijiua baada ya kuandamwa na kundi la Punch. Ule ulikuwa uandishi, jamani. Ulikuwa na wachoraji, ulikuwa na mtindo, ulikuwa na wasomaji waliosimama mbele ya ukuta wakicheka, kama wale wa bandani.

Dawa ya haya siyo kukinyamazia kitanda. Pwani hatujawahi kukinyamazia. Somo na makungwi wa unyago wanayasema yote kwa lugha ambayo sisi wa kalamu hatuifikii hata nusu. Ila unyago humfunda mwali, na humfunda kuvumilia. Ndiyo maana sikushangaa nilipoona takwimu za afya za Tanzania za 2015-16: waliosema mume anaweza kuwa na sababu ya haki ya kumpiga mkewe walikuwa wanawake 58 kwa 100, wanaume 40. Mvulana naye nani anamfunda? Kadi ya simu.

Nina mkononi hadithi ya msichana mmoja wa Mafia, haijachapwa bado. Tahajia yake ni balaa, na jina la shemeji linabadilika katikati. Lakini kofi linapotua, aya inayofuata haiendi kitandani. Inakwenda sokoni: mke anauza pweza na jicho lake limevimba, wateja wanauliza bei mmoja baada ya mwingine, hakuna anayeuliza jicho. Kurasa mbili nzima za bei! Ni kipande kizuri kuliko chochote nilichokisoma mwaka huu. Kasoro yake ni mwisho, ambapo mwandishi kamtia mume mdomoni mwa papa. Nimemwandikia kumwomba amtoe. Mume arudi salama, chombo kimejaa samaki, aingie ndani na simu yake mkononi, tuone mke atasema nini.